Kabla ya kuifungua kompyuta ya nyumbani

Katika miaka hii ya karibuni kazi iliyokuwa ya mafundi peke yao imehamia sebuleni. Kijana wa sekondari hununua kipande cha memori Kariakoo au Darajani, akarejea nacho nyumbani mfukoni, akaiweka kompyuta ya familia juu ya meza ya chakula, na wadogo zake wakamzunguka kutazama. Hatuoni ubaya katika jambo hilo. Kuongeza memori, au kubadili diski ya zamani kwa diski ya SSD, ni miongoni mwa njia nafuu za kuihuisha mashine iliyochoka, na mtoto, awe wa kiume au wa kike, anayejifunza kazi hiyo kwa mkono wake hupata elimu ambayo kitabu peke yake hakimpi. Ila ukimkalisha fundi yeyote wa kompyuta na kumwuliza habari za mashine zilizolundikana nyuma ya duka lake, hatakosa kukuonesha moja au mbili ambazo hazikuuawa na uzee wala na umeme wa kukatikakatika, bali na mkono uliokusudia kuzitengeneza.

Kompyuta ya nyumbani aghalabu si ya mtu mmoja. Ndani yake mna hesabu za duka la mama, tasnifu ya dada aliye chuo kikuu, barua za kazi za baba, na picha za bibi aliyekwisha kututoka. Memori iliyoungua hununuliwa nyingine, lakini picha za marehemu hazina duka zinakouzwa. Kwa hiyo kazi huanza kabla bisibisi haijashikwa: vyote vyenye thamani vinakiliwe kwenye diski ya nje, kisha zifunguliwe faili tatu nne za nakala hiyo katika mashine nyingine ili kuhakikisha zinasomeka, kisha diski hiyo ichomolewe na kuwekwa chumba kingine. Jioni nzima ikitumika kwa jambo hili, haikupotea.

Tuje kwa adui asiyeonekana. Mwili wa binadamu hukusanya umeme tuli kila unapotembea juu ya zulia, unapovua sweta au unaponyanyuka kwenye kiti cha plastiki. Ule mchomo mdogo tuuhisio tukigusa kitasa cha mlango hauhisiki mpaka umeme huo ufikie takriban volti 3,000. Chini ya hapo mtu hahisi chochote, ilhali baadhi ya vipande vya kompyuta vinaweza kudhurika kwa volti zisizofika 100. Maana yake ni kwamba inawezekana kuua kipande kwa ncha ya kidole bila kuona cheche wala kusikia sauti.

Lenye kuudhi zaidi ni kwamba kipande kilichopigwa hivyo si lazima kife papo hapo. Huweza kujeruhiwa tu. Mashine ikawaka, watu wakafurahi, kisha baada ya wiki kadhaa ikaanza kuganda katikati ya kazi au kujizima bila sababu. Mwenye nyumba atamlaumu muuza duka, na muuza duka ataulaumu umeme wa mtaani, na hakuna atakayeikumbuka ile jioni ya zulia.

Hali ya hewa ina sehemu yake. Unyevu wa Tanga, Mombasa au Unguja husaidia umeme huo kupotea wenyewe taratibu, na huenda ndiyo sababu wengi wa mwambao hawajapata kuusikia ukitajwa. Dodoma wakati wa kiangazi ni habari nyingine. Ndugu zetu walioko Maskati na Dubai, wanaoishi katika vyumba vilivyofungwa vyenye viyoyozi na mazulia ya ukuta hadi ukuta, wana haja ya kuchukua tahadhari mara mbili.

Tahadhari yenyewe si ghali. Kazi ifanyiwe juu ya meza ya mbao, mbali na zulia na mkeka wa plastiki. Mavazi ya nailoni na poliesta yaepukwe, na tuseme wazi kwamba mabuibui mengi ya siku hizi ni ya poliesta. Afanyaye kazi avae pamba. Mikono mipana, iwe ya kanzu au ya buibui, ikunjwe, kwani hunasa kwenye nyaya na vipande vidogo vilivyosimama. Pete ya fedha na saa ya chuma zivuliwe. Kisha, kabla ya kugusa kipande chochote, mtu aguse chuma tupu kisichopakwa rangi cha kasha la kompyuta, na arudie kukigusa kila dakika chache, hasa akinyanyuka na kurudi. Upo pia ukanda maalumu wa kuvaa mkononi wenye waya wa kubana kwenye kasha hilo. Anayefungua kompyuta mara kwa mara na awe nao.

Hapa pana hitilafu ya rai baina ya mafundi. Wapo wanaosema plagi iachwe ukutani, swichi ikiwa imezimwa, ili waya wa ethi uupeleke umeme tuli ardhini. Rai hiyo ina mantiki pale ambapo ethi ni ya kweli. Katika nyumba nyingi za kwetu, soketi ina tundu la tatu lakini nyuma yake hamna waya, au mashine imechomekwa kwenye kamba ya kurefusha yenye nyaya mbili tu. Sisi tunaona plagi ichomolewe kabisa. Kule kuligusa kasha kunatosha kuusawazisha mwili na mashine, na hakuna haja ya kuuweka uhai wa kijana rehani kwa waya ambao hakuna aliyeukagua. Ikishachomolewa, kitufe cha kuwashia kibonyezwe na kushikiliwa sekunde 10 hivi, ili umeme uliobaki kwenye ubao mama utoke.

Kipande kipya huja ndani ya mfuko wenye rangi ya fedha au ya waridi. Kiachwe humo mpaka dakika ya kukifunga, na kikitolewa kishikwe kingo zake, si uso wake. Mfuko ule wa rangi ya fedha una tabaka la metali; usigeuzwe kuwa kitambaa cha kuuwekea ubao mama ukaujaribu kuuwasha ungali juu yake. Boksi la karatasi ngumu linafaa zaidi.

Sasa tuzungumze juu ya umeme mkubwa, maana hapa hasara huja na moshi. Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa kwetu zimewasili zikiwa zimetumika Ulaya, Uarabuni au Marekani. Marekani hutumia volti 120, na sisi Tanzania hutumia 230, Kenya 240. Pawa saplai nyingi za sasa hujirekebisha zenyewe, na kwenye karatasi yake utasoma 100-240V. Lakini za zamani kidogo zina swichi ndogo nyekundu nyuma, jirani na tundu la waya, yenye maandishi 115 na 230. Swichi ikiwa kwenye 115, saketi ya ndani huzidisha umeme unaoingia mara mbili ili kufikia kiwango inachokihitaji. Ukiingiza volti 230 katika hali hiyo, kapasita ambazo kila moja imetengenezwa kuhimili takriban volti 200 hujikuta zikigawana zaidi ya 600. Hupasuka kwa mshindo wa fataki, chumba kikajaa harufu mbaya, na mara nyingine pawa saplai huondoka pamoja na ubao mama na diski.

Swichi hiyo husogezwa kwa ncha ya kalamu, plagi ikiwa imechomolewa. Basi atakayenunua mashine iliyotumika, la kwanza alitazamalo liwe hilo, dukani na tena nyumbani, kwani swichi huweza kusogea katika safari. Printa au spika iliyoandikwa 120V peke yake, bila swichi, haifai kuchomekwa ukutani kwetu pasipo transfoma ya kupunguza.

Pawa saplai yenyewe isifunguliwe nyumbani abadan. Ndani yake kapasita huweka volti zipatazo 325 hata baada ya plagi kutolewa, na hizo hazitofautishi baina ya mjuzi na mtoto. Ikiharibika ibadilishwe nzima. Ikibadilishwa, nyaya za ile ya zamani zisitumiwe kwenye mpya, hata kama zinaingia bila kusumbua. Upande wa pawa saplai hauna kanuni moja inayofuatwa na watengenezaji wote. Tundu ambalo kwa huyu hutoa volti 5, kwa yule hutoa 12. Diski iliyozoea 5 ikipewa 12 hufa katika kupepesa jicho, pamoja na picha zote tulizozitaja hapo juu.

Memori ndiyo inayofungwa na wengi, na makosa yake ni ya aina mbili zinazopingana: kutumia nguvu mahali pasipostahiki, na kukosa kuitumia mahali inapohitajika. Zipo DDR3, DDR4 na DDR5, na hakuna moja inayokaa mahali pa mwenzake. Kila aina ina pengo dogo kwenye ukingo wa chini, na pengo hilo ndilo mlinzi wake. Za kompyuta ya mezani za DDR4 na DDR5 zote zina migusano 288, kwa hiyo kwa jicho la haraka hufanana, ila pengo la hii halikai mahali pa pengo la ile. Ikiwa pengo halilingani na kinundu cha kwenye tundu, kipande hicho si chake au kimegeuzwa. Kukisukuma ni kuvunja kimoja kati ya viwili. Likilingana, basi sasa kisukumwe, kwa vidole gumba viwili, ncha zote mbili, mpaka vibanio vijifunge vyenyewe kwa mlio. Nguvu inayotakiwa hushtua mara ya kwanza. Wengi huishia nusu kwa kuogopa kuuvunja ubao, na memori iliyokaa nusu ni sababu mashuhuri ya kompyuta kukataa kuwaka, na ikiwashwa hivyo inaweza kuungua.

Kwenye kompyuta mpakato kipande ni kifupi, na huingizwa kwa mshazari, kisha hulazwa mpaka mikono miwili ya chuma ikidake. Zingatia pia herufi L: mashine inayotaka DDR3L, ya volti 1.35, huenda isiwake kabisa kwa DDR3 ya kawaida ya volti 1.5, na mnunuzi akadhani ameuziwa mbovu.

Ipo desturi katika maduka yetu ya kuisugua migusano ya memori kwa ufutio wa penseli. Wanaoifanya wana uzoefu na mara nyingi mashine huwaka, hilo hatulikatai. Lakini ufutio hukwangua, tabaka la dhahabu pale ni jembamba mno, na ule msuguano wenyewe huzalisha umeme tuli. Kitambaa safi kisichotoa nyuzi, kilicholoweshwa kidogo kwa spiriti ya isopropili, hufanya kazi ile ile bila madhara hayo. Kupuliza vumbi kwa mdomo nako kuachwe, kwani pumzi hubeba mate. Ikitumika pampu ya upepo, feni zishikiliwe kwa kidole zisizunguke ovyo.

Prosesa si kazi ya kuanzia. Tangu mwaka 2004, Intel ilipoleta soketi yake ya LGA 775, pini za prosesa zake za mezani zimehamia kwenye soketi ya ubao mama. AMD iliendelea kuziweka chini ya prosesa hadi soketi yake ya AM4, yenye pini 1,331, na ikahama nayo mwaka 2022 kwa AM5. Popote zilipo, pini hizo ni laini mno, na moja tu iliyopinda inatosha kuinyamazisha mashine. Prosesa huwekwa, haisukumwi. Pembetatu ndogo iliyochorwa kwenye kona yake ielekee alama kama hiyo ya soketi, iachwe itue kwa uzito wake, ndipo wenzo ulazwe. Kifuniko cha plastiki cha soketi mpya kisitolewe mapema, na soketi iliyo wazi isipitishiwe kitambaa, kwani uzi mmoja ukinasa hung'oa safu nzima.

Kwa wenye AM4 na za kabla yake, ajali kubwa hutokea wakati wa kufungua. Pesti ya joto iliyokauka huigandisha prosesa kwenye kipoozajoto, na mtu akivuta juu, huing'oa katika soketi ilhali wenzo ungali umefungwa. Mashine iwashwe kwanza dakika 10 hivi ili pesti ilainike, izimwe na kuchomolewa, kisha kipoozajoto kizungushwe kidogo kulia na kushoto mpaka kiachie, ndipo kinyanyuliwe. Pesti mpya kiasi cha punje ya mbaazi yatosha. Waya wa feni yake uunganishwe kabla ya umeme kurudi, na asijaribiwe mtu kuiwasha "sekunde mbili tu" pasipo kipoozajoto.

Anayeuhamisha ubao mama ahesabu vinguzo vya shaba vinavyouinua kutoka kwenye bati la kasha. Kinguzo kilichobaki mahali pasipo na tundu hugusa nyuma ya ubao na kupiga shoti.

Kompyuta mpakato inahitaji subira ya namna yake, kwa kuwa betri yake ni umeme usiochomolewa ukutani. Kifuniko kikishatoka, jambo la kwanza ni kuachanisha waya wa betri na ubao mama, kabla ya lolote jingine. Nyaya zake nyingi ni bapa kama utepe, na nyingi hushikwa na kilimi kidogo kinachoinuka kama kifuniko. Atakayevuta utepe bila kukiinua atabaki na kibodi isiyoandika. Skrubu nazo hazilingani urefu. Ndefu ikirudishwa mahali pa fupi hupenya mpaka kwenye ubao mama na kukata njia za umeme zisizoonekana. Dawa yake ni karatasi: chora umbo la mashine, na kila skrubu itolewayo ibandikwe kwa gundi ya karatasi mahali pake katika mchoro. Kazi hiyo apewe mdogo mtu aliyekuwa akitazama tu, naye atajiona fundi.

Betri ikionekana imevimba, kazi isimame. Isibonyezwe, isitobolewe, isilazimishwe kutoka kwa bisibisi, kwani ikichanika huweza kuwaka moto mkali. Apelekewe fundi, mashine ikiwa imezimwa.

Tumewataja watoto, na lipo jambo la kuwahusu lililo zito kuliko kompyuta yoyote. Juu ya ubao mama wa mashine nyingi huwa na betri ya duara mfano wa sarafu, aghalabu CR2032, yenye kipenyo cha milimita 20 na volti 3. Wabadilishao vipande huitoa na kuiacha mezani. Mtoto mdogo akiimeza ikakwama kooni, umeme wake huunguza umio, na jeraha baya huweza kutokea ndani ya saa 2, hata kama betri ilionekana imekwisha. Asitapishwe. Apelekwe hospitali mara moja, hata kama hana dalili, na daktari aambiwe wazi kwamba ni betri. Mtoto aliyetimiza mwaka mmoja na anayeweza kumeza hupewa asali vijiko viwili vya chai kila baada ya dakika 10, isizidi mara sita, mkiwa njiani. Asali haitoi betri, hupunguza tu uunguzaji, na safari isicheleweshwe kwa kuitafuta. Aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali. Kwa hiyo betri hiyo ikitoka kwenye ubao iingie kwenye mfuko wa mtu mzima, si kwenye kisahani.

Kabla ya kufunga kifuniko, skrubu zihesabiwe. Iliyokosekana huenda imelala juu ya ubao mama, na kompyuta isiwashwe mpaka ipatikane. Kisha iwashwe kifuniko kikiwa wazi, na macho na pua vikiwa macho. Harufu ya kuungua ikitokea, izimwe ukutani papo hapo. Ikikaa kimya au ikalia milio mirefu bila kuonesha kitu kiooni, isihukumiwe kuwa imekufa: izimwe, ichomolewe, memori itolewe na kukazwa upya, nyaya zisukumwe mpaka mwisho wake. Ikikataa tena, kirudishwe kipande cha zamani peke yake. Ikiwaka kwa cha zamani, basi tatizo ni kile kipya au ukaaji wake. Ikiwa ni diski inayotoa mlio wa kugonga, isiwashwe tena na tena kwa kubahatisha. Kila mzunguko huweza kukwangua kile kilichobaki, na hapo mwenye diski anahitaji mtaalamu wa kuokoa data.

Kipande kilichotolewa kisitupwe wala kuuzwa wiki hiyo hiyo. Kitiwe katika mfuko ule ule uliokuja na kipya, kiandikwe tarehe, na kiwekwe kabatini pamoja na risiti mpaka muda wa dhamana ya dukani upite.